Massillon au McKinley: ukienda dabi ya Ohio kwa mara ya kwanza, ukae upande gani?

Kila Oktoba ikikaribia naanza kupokea swali moja kutoka kwa ndugu na jamaa walioko Akron, Cleveland na Columbus, wengi wao ni Wakongo na Watanzania ambao wameshakaa Ohio miaka kadhaa ila uwanja huo hawajawahi kuingia: kaka, ile mechi ya shule ya Massillon na McKinley mwaka huu tunataka kwenda, tukae upande gani? Na swali lina maana kweli, manake kwenye mechi ile hakuna jukwaa la wasio na timu, ukishanunua tiketi umeshachagua rangi, upande mmoja chungwa na nyeusi, upande wa pili nyekundu na nyeusi, na ukitokea na jaketi la bluu watakuuliza umetoka wapi. Kwa hiyo leo naziweka hizi timu kwenye mizani moja, mji kwa mji, uwanja kwa uwanja, historia kwa historia, halafu mwisho nasema mi ningekupeleka wapi na kwa nini.

Kwa ambaye hajui kabisa, tunaongelea futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa umbo la yai na helmeti, inachezwa na vijana wa sekondari. Massillon shule yao ni Washington High School na timu inaitwa Tigers. McKinley ni shule ya mji wa Canton, timu yao Bulldogs. Miji yote iko kaunti ya Stark, kaskazini mashariki mwa Ohio, kutoka mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 13 tu, watu wanafanya kazi mji huu wanalala mji ule, wanaoana, halafu wiki moja kwa mwaka hawaongeleshani vizuri. Walianza kuchezeana 1894, yaani miaka 26 kabla NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, haijaundwa, na wameshakutana zaidi ya mara 130. Ukitaka kuielewa haraka fikiria Simba na Yanga, ila wachezaji wote ni wanafunzi na Jumatatu asubuhi wanarudi darasani.

Kwa desturi ni mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, kabla ya mtoano, na inachezwa Jumamosi mchana wakati shule nyingine karibu zote zinacheza Ijumaa usiku. Hiyo peke yake inakuonyesha uzito wake, wikiendi hiyo kaunti nzima inawaangalia wao.

Kidogo kuhusu mchezo, ili usikae kama mgeni

Siendi kwenye sheria zote, utazielewa ukiwa pale. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, wakifika wanapewa manne mengine, wasipofika mpira unaenda kwa wapinzani. Ukiuingiza mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, halafu unapiga teke la nyongeza unapata 1, au unajaribu kuingia tena kwa nguvu unapata 2. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo bila tachidauni ni 3. Na kuna kitu kinaitwa sefti, pale mwenye mpira anapoangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, wapinzani wanapata 2. Ishike hiyo sefti akilini, tutaihitaji huko mbele.

Vipindi ni vinne vya dakika 12, lakini saa inasimama simama, kwa hiyo jiandae kukaa masaa mawili na nusu au zaidi.

Jambo moja linalowashangaza sana watu wa soka ni kelele. Kwetu timu yako ikishika mpira unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Pale ni kinyume chake, timu yako ikiwa na mpira unanyamaza, ili kwotabeki, yule kijana anayeongoza mashambulizi, asikike anapowapa wenzake maelekezo, na wapinzani wakishika mpira ndipo mnapiga kelele zote mlizonazo ili wasisikizane. Mwaka mmoja nilikaa karibu na mzee mmoja wa Massillon ana thamosi yake ya kahawa na blanketi la chungwa magotini, kila Tigers wakishika mpira anainua viganja viwili na kuvishusha taratibu, na safu nzima mbele yake inatulia, hata watoto. Halafu McKinley wakichukua mpira yule mzee anasimama, anagonga thamosi kwenye benchi, na safu nzima inasimama naye. Hakusema neno mechi nzima na watu kama arobaini walikuwa wanamfuata.

Miji yenyewe

Massillon ni mji mdogo, watu kama 32,000. Canton ni zaidi ya mara mbili, kama 70,000. Yote miwili ilijengwa na chuma, Massillon walikuwa na viwanda vikubwa vya Republic Steel na Canton walikuwa na hivyo hivyo pamoja na Timken, wale wa beringi, kama umewahi kutengeneza gari jina hilo umeliona kwenye boksi. Viwanda vikapungua, kazi zikapungua, na watu wengi wakahama. Nasema hivi kwa sababu ukifika utaona maduka yaliyofungwa na nyumba zilizochoka, sasa usishangae kuona mji wa namna hiyo una uwanja wa sekondari mkubwa kuliko wa timu nyingi za ligi kuu ninazozijua. Watu walipoteza mengi, timu hawakuipoteza.

Hapa Massillon wanashinda kwa mbali kwenye suala la mji kuwa na timu moja moyoni. Kwa miaka mingi kila mtoto wa kiume aliyezaliwa hospitali ya mji aliwekewa mpira mdogo wa futiboli pale kitandani, zawadi kutoka klabu ya mashabiki, kabla hata mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali hiyo ilifungwa 2018, lakini muulize mwanaume yeyote wa pale mwenye miaka thelathini, wengi bado wana ule mpira kabatini kwa mama zao. Unazaliwa ukiwa umeshasajiliwa.

Canton mambo yametawanyika zaidi. Mji mkubwa, una shule ya Kikatoliki yenye timu yake, pembeni kuna vitongoji vyenye shule zao zenye pesa, na mji wenyewe una historia nyingine nyingi za kujivunia. Rais William McKinley, yule aliyepigwa risasi 1901, alikuwa mtu wa Canton na kaburi lake liko pale juu ya kilima, unapanda ngazi 108 kulifikia, ndiyo maana shule ina jina lake. Na NFL ilizaliwa Canton Septemba 1920, kwenye duka la magari. Kwa hiyo mtu wa Canton ana mengi ya kuongea, mtu wa Massillon ana moja tu na analiongea vizuri sana.

Viwanja

Mechi inabadilisha uwanja kila mwaka, mwaka huu kwa huyu mwaka ujao kwa yule, kwa hiyo angalia ni zamu ya nani kabla hujapanga safari.

Massillon wanachezea Paul Brown Tiger Stadium, ulifunguliwa 1939, unaingiza zaidi ya watu 16,000. Ni uwanja wa kizamani, majukwaa yako karibu na nyasi, unasikia vijana wanavyogongana, ule mgongano wa helmeti na mabega unausikia kifuani, ni sauti ambayo kwenye TV haipo kabisa. Mi naupenda sana uwanja huu na naamini kwa mechi ya shule hakuna sehemu nzuri kuliko hapa.

McKinley wanachezea Tom Benson Hall of Fame Stadium, zamani ukiitwa Fawcett, wameujenga upya na kuufungua 2017, jina ni la yule aliyekuwa mwenye timu ya New Orleans Saints ambaye alitoa dola milioni 11. Unaingiza zaidi ya watu 20,000, viti safi, skrini kubwa, vyoo vya kutosha (ukienda na watoto utanielewa), na karibu kila mwaka NFL wanachezea hapo mechi yao ya kufungua maandalizi ya msimu. Yaani kijana wa sekondari wa McKinley anavaa jezi yake kwenye vyumba vile vile wanavyovalia wachezaji wa kulipwa. Na hatua chache tu kutoka hapo kuna Pro Football Hall of Fame, makumbusho ya mchezo wenyewe, yapo tangu 1963.

Kwa starehe na mazingira Canton wanachukua. Kwa roho ya mechi, Massillon. Sina wasiwasi kusema hivyo.

Historia: nani ana nini

Kwa jumla ya mechi zao Massillon wanaongoza, na kwa tofauti nzuri tu, hata shabiki wa McKinley hawezi kulibisha hilo. Kwa mataji ya zamani pia, kabla Ohio haijaanza mtoano 1972 bingwa alikuwa anapigiwa kura na waandishi wa habari, na Massillon walikusanya mataji hayo zaidi ya 20. Ndiyo maana wanatembea vifua mbele.

Lakini sikiliza sasa. Ulipoanza mtoano, ambapo bingwa anapatikana uwanjani, Massillon wakakwama. Wakafika fainali 1980 wakapigwa, 1982 wakapigwa, 2005 wakapigwa, halafu 2018, 2019 na 2020, miaka mitatu mfululizo, wakafika na wakapigwa zote tatu. Fainali sita, kombe hakuna. Na muda huo wote McKinley wao walishachukua 1981, wakachukua 1997, wakarudia 1998, na ile timu ya 1997 chini ya kocha Thom McDaniels gazeti la USA Today liliitaja namba moja nchi nzima. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini mtu wa Canton akitaniwa alikuwa na jibu moja fupi: kombe lenu la uwanjani liko wapi?

Jibu likaja 2023. Kocha Nate Moore, aliyechukua timu 2015 na kuzipoteza zile fainali tatu za mfululizo, akawaingiza tena, wapinzani Archbishop Hoban ya Akron, wale wale waliowafunga 2018 na 2020. Na fainali ilichezwa wapi? Canton, Tom Benson Stadium, nyumbani kwa McKinley. Matokeo yakawa 7 kwa 2. Ndiyo, saba kwa mbili, tachidauni moja na teke lake upande wa Massillon, na sefti moja upande wa Hoban, sasa umeona kwa nini nilikwambia uishike. Mechi nzima ilikuwa ni ulinzi, kila yadi inagombaniwa, watu wazima wanalia majukwaani kabla hata filimbi haijapigwa. Wakamaliza msimu mechi 16, ushindi 16.

Kwa hiyo jibu la zamani la Canton limekufa. Wamebaki na matatu dhidi ya moja kwenye mtoano, na matatu ni mengi kuliko moja, lakini ile sauti ya utani imepungua sana.

Kama unataka mechi moja ya kumwonyesha mtu dabi hii ikoje, ni ile ya 1994, mara ya mia kukutana, ilichezwa Massillon, dakika za kawaida zikaisha wako sawa, wakaingia muda wa nyongeza, Massillon wakashinda 42 kwa 41. Miaka mia moja ya kuchezeana halafu tofauti ni pointi moja.

Watu wawili wanaobeba hadithi yote

Hapa nitakaa kidogo, manake kwangu ndipo penye utamu.

Paul Brown alikulia Massillon, akacheza hapo kama kwotabeki, halafu akarudi kuwa kocha 1932 akiwa bado kijana. Mwaka 1934 timu yake ilishinda kila mechi isipokuwa ya mwisho, na ya mwisho unajua ni nani, McKinley wakamchapa 21 kwa 0. Baada ya hapo hakupoteza tena kwa McKinley mpaka anaondoka, miaka sita mfululizo. Rekodi yake yote Massillon ni ushindi 80, vipigo 8, sare 2. Timu yake ya 1940 ndiyo watu wanaisimulia mpaka leo, msimu mzima walifunga pointi 477 na kufungwa 6. Sita tu! Na hizo sita, tachidauni moja ya msimu mzima, iliwekwa na McKinley. Walipigwa 34 kwa 6 lakini ni wao peke yao waliovuka ule mstari, na ukiongea na mzee wa Canton atakutajia hiyo sita kwa fahari kama mwingine anavyotaja kombe. Brown baadaye akaenda kufundisha chuo kikuu cha Ohio State akachukua ubingwa wa taifa wa vyuo 1942, akaanzisha Cleveland Browns, timu ya kulipwa iliyobeba jina lake, halafu akaanzisha Cincinnati Bengals. Mambo mengi ya ukocha wa leo, darasa, filamu za mechi, kila mchezaji na daftari lake, yeye ndiye aliyeyafanya yakawa kawaida.

Upande wa pili kuna Marion Motley. Mtoto wa familia ya Kiafrika-Marekani kutoka Georgia, wazazi walihamia Canton akiwa mdogo sana, akakua akaichezea McKinley miaka ya thelathini, jitu la mwili, anabeba mpira na kupasua katikati watu wanaanguka kushoto na kulia. Kwa miaka yake mitatu McKinley walipoteza mechi tatu tu, na zote tatu ni kwa Massillon ya Paul Brown. Mwaka mmoja, kipigo kimoja, kutoka kwa mtu yule yule.

Sasa ona maisha. Vita vya pili vinakuja, Motley yuko jeshi la majini kambi ya Great Lakes, na kocha wa timu ya kambi ni nani? Brown. Mwaka 1945 wanawapiga Notre Dame, timu kubwa ya chuo kikuu, 39 kwa 7. Mwaka uliofuata, 1946, Brown anaanza Cleveland Browns na anawachukua Motley na Bill Willis, wachezaji weusi, wakati futiboli ya kulipwa ilikuwa imewafungia milango weusi kwa zaidi ya miaka kumi. Ni mwaka mmoja kabla Jackie Robinson hajafungua mlango huo huo kwenye besiboli, ila Robinson anajulikana dunia nzima na Motley watu wengi hata hapa Ohio hawamjui, jambo linaloniuma kweli. Walikanyagwa mikono na wapinzani kwa makusudi, wakatukanwa, kuna mechi ya Miami hawakusafiri na timu kwa sababu sheria za kule hazikuruhusu weusi na weupe kucheza pamoja. Wakashinda ubingwa. Motley akaingia Hall of Fame 1968, na hiyo Hall of Fame iko Canton, mjini kwake, karibu na uwanja wa shule yake.

Massillon nao wana wao, sitaki kuwanyima haki. Horace Gillom, mchezaji mweusi wa ile timu ya 1940, naye akaenda Cleveland Browns kwa Brown na akawa mmoja wa wapiga mateke bora wa wakati wake. Chris Spielman aliwekwa kwenye boksi la nafaka la Wheaties akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mwanafunzi wa kwanza kupata hiyo nafasi. McKinley wana Mike Doss aliyechukua ubingwa wa taifa na Ohio State msimu wa 2002, na Josh McDaniels, mtoto wa kocha Thom, aliyecheza kwotabeki hapo chini ya baba yake na baadaye akawa kocha NFL. Orodha ni ndefu pande zote. Lakini hadithi ya Motley na Brown, adui wa kila mwaka kugeuka kuwa kocha aliyemfungulia mlango, hiyo hakuna dabi nyingine ya shule iliyonayo.

Jukwaani

Hapa naenda haraka. Massillon wana bendi, Tiger Swing Band, imeanza 1938, na kwa heshima zote kwa Canton bendi hii haina mpinzani. Usinunue chakula wakati wa mapumziko, nunua mapema, kaa uangalie bendi. Kinyago chao kinaitwa Obie, chui milia, na kwa miaka mingi walikuwa wanaleta mtoto wa chui milia mzima kabisa pembeni ya uwanja, mambo ambayo leo hayapo na mi naona ni vizuri hayapo, mnyama yule hakuwa na raha na zile kelele.

McKinley jukwaa lao ni changanyiko zaidi, familia nyingi nyeusi, mabinti wanacheza, kina mama wanashangilia kwa majina ya watoto wao, sio kwa namba za jezi. Ndugu zetu wengi niliowapeleka wanasema upande ule walijisikia nyumbani haraka zaidi, na mimi pia. Massillon watakukaribisha vizuri lakini watataka kwanza kujua kama unaelewa umekaribishwa kwenye nini.

Nani atashinda?

Miaka ya karibuni Massillon wamekuwa juu, chini ya Moore wana mpangilio, wana mistari ya mbele mizito, na ukiwauliza watu wa kaunti wengi watakupa Tigers bila kusita. Mi pia nikilazimishwa kuweka jina naweka Massillon. Ila angalia vitu viwili ukifika. Kwanza upepo na baridi, mwisho wa Oktoba Ohio mpira unakuwa mgumu, mateke yanapotea, timu inayokimbia na mpira inapata faida kuliko inayorusha. Pili angalia robo ya kwanza McKinley wakiwa na mpira, kama wanapata yadi nne tano kwa kila jaribio bila kurusha, jua mechi ipo. Wakianza kulazimika kurusha mapema, ule umati wa chungwa unawala. Na rekodi ya msimu usiitegemee sana, 1934 Paul Brown mwenyewe alifika kwenye mechi hii hajapoteza hata moja.

Basi ukae wapi

Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, una watoto wadogo na unataka waone mji mzima umesimama kwa ajili ya vijana wake, kaa Massillon, chungwa, na kama zamu ni yao kwenye Paul Brown Tiger Stadium usifikirie mara mbili. Bendi, ule ukaribu na uwanja, wazee wenye mablanketi, watoto watakumbuka.

Kama una kijana wa miaka kumi na tatu kumi na nne anayeanza kucheza huku Marekani na unataka aelewe mchezo umetoka wapi na nani aliulipia, subiri mwaka ambao zamu ni ya Canton. Mpeleke Hall of Fame asubuhi, mtafute Motley kwenye sanamu za vichwa, simameni hapo umsomee kilichoandikwa, halafu saa nane mchana mkakae upande mwekundu. Siku moja, tiketi mbili, na hakuna shule itakayomfundisha hayo kwa siku moja.

Kama wewe ni mtu wa soka tu unayetaka kuona dabi kali, nenda na timu inayotembelea. Mashabiki wa ugenini ni wachache, wamebanana, na kelele zao zina hasira ya kuwa ugenini, utaipata ile raha ya mechi kuliko ukiwa kwa mwenyeji.

Mimi binafsi nakaa nyekundu. Najua Massillon wana rekodi bora, wana bendi, wana kombe la 2023, yote nimeyaandika hapo juu bila kuficha. Lakini timu iliyomlea Motley, ikapigwa miaka mitatu na bado ikamtoa mtu kama yule, mi siwezi kukaa upande mwingine.

Kutoka Akron ni kama nusu saa kwa I-77, Cleveland saa moja, Columbus masaa mawili au zaidi kidogo. Fika mapema sana kwa ajili ya parking, vaa nguo tabaka tabaka, beba kitu cha kukalia manake benchi ni baridi, na tiketi nunueni kupitia shule mapema wiki ile ile zinapotoka. Mkiwa kundi la watu kumi na zaidi niambieni mnataka rangi gani kabla hamjalipa, ili tukae safu moja.